Mgonjwa mahututi yu ndani, jamaa zake wako gizani

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KATIKA jiji la Mwanza ni vigumu kumpata mtu mzima asiyeijua njia ya kupanda kilima cha Bugando. Juu ya kilima hicho imesimama hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Wagonjwa huletwa huko kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga na visiwa vya Ukerewe. Mgonjwa mmoja anapopandishwa kilima kile, mara nyingi jamaa watatu au wanne hupanda pamoja naye, wamebeba chupa za chai, mikeka, mablanketi na vyombo vya uji.

Wengi hurejea nyumbani na mgonjwa wao baada ya siku chache. Lakini katika kila hospitali kubwa ya nchi yetu upo mlango mmoja ambao jamaa huusimamia kwa hofu kuliko milango mingine yote, nao ni mlango wa wodi ya wagonjwa mahututi. Aliye ndani hawezi kusema, na aliye nje mara nyingi haambiwi. Hali ya mgonjwa inapogeuka, yaani anapopatwa na jambo jipya ambalo halikumleta hospitali, wote wawili huwa gizani.

Mwandishi wa makala haya aliusimamia mlango wa namna hiyo kwa siku 31 katika mwaka 2013. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana yaliyotupata yangeweza kumpata mtu ye yote katika hospitali yo yote. Aidha, kama msomaji atakavyoona, sehemu ya lawama ilikuwa yetu wenyewe.

Msumari mmoja

Kaka yangu ni fundi wa mitumbwi ya mbao ufukoni mwa ziwa. Siku moja alikanyaga msumari. Aliuchomoa, akapaka mafuta ya taa kwenye jeraha, akaendelea na kazi. Siku ya tisa alishindwa kufungua kinywa ale ugali. Shemeji yangu alidhani ni jino. Usiku ule ule mgongo wa kaka ulijipinda kama upinde, na kila mlango ulipobamizwa alikakamaa mwili mzima, meno yameumana, akili zake timamu kabisa.

Ulikuwa ugonjwa wa pepopunda. Jina hilo limewapotosha watu wengi, maana likisikika neno “pepo” wapo wanaomtafuta mganga wa kienyeji kwanza. Kwa hakika pepopunda huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na mavi ya wanyama. Vikiingia katika jeraha, hasa la kuchomwa ambalo halipati hewa, hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu na kuifanya misuli ikaze pasipo kuachia. Misuli ya kifua ikikaza, mtu hukosa pumzi akafa.

Mwaka 2011 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 102 wa pepopunda waliotibiwa hapo katika muda wa miaka 10. Wengi walikuwa wanaume, na asilimia 43 ya wagonjwa hao walifariki. Taarifa nyingine, iliyochapishwa mwaka 2014, iliangalia wodi za wagonjwa mahututi za hospitali nne za rufaa nchini, Bugando ikiwa mojawapo. Katika wagonjwa zaidi ya 5,600 wa maradhi ya kila namna, takribani wanne katika kila kumi walifia katika wodi hizo. Hizo ndizo hesabu ambazo jamaa aliye nje ya mlango hupambana nazo, ingawa mara nyingi hazijui.

Kwa mgonjwa wa pepopunda sauti, mwanga na hata kuguswa huweza kuamsha mkakamao. Kwa hiyo kaka alilazwa mahali penye giza na utulivu. Tuliambiwa tusiingie ovyo, tusiseme kwa sauti, tusimpapase. Tulitii. Ukimya ule ulikuwa sehemu ya dawa. Kosa lilianza pale ukimya wa kitandani ulipotoka hadi barazani, ukawa desturi baina ya watumishi wa hospitali na sisi, na baina yetu wenyewe.

“Wamemchinja mwanangu”

Siku ya tano mama yetu aliruhusiwa kuingia kwa dakika chache. Alimkuta mwanawe ana tundu kooni, chini ya kidole cha Adamu, na mpira umetiwa ndani yake. Mama alitoka nje amejishika kichwa akilia kwamba wamemchinja mwanawe. Wanawake wote waliokuwa barazani walilia pamoja naye.

Kumbe usiku uliotangulia baba mdogo alikuwa ameitwa na kuombwa kutia sahihi karatasi ya kukubali kaka atobolewe koo. Alitia sahihi. Hakuuliza ni kwa nini, na aliporudi mkekani hakumwambia mtu. Baadaye alisema alitaka kuwaepushia wanawake majonzi. Naye daktari aliyemletea karatasi alikuwa na haraka ya kwenda kwa mgonjwa mwingine, akamweleza kwa maneno mawili matatu ambayo baba mdogo hakuyaelewa.

Matokeo yake yalikuwa kwamba ukoo mzima ulikata shauri la kumwondoa mgonjwa. Palikuwa na mganga ng'ambo ya ziwa aliyesifiwa kwa pepopunda. Gari lilikwisha tafutwa. Msomaji na afikiri: mtu asiyeweza kuvuta pumzi bila mashine alikuwa apakiwe garini, kwa sababu tu hapakuwa na mtu aliyetueleza tundu lile ni la nini.

Aliyeuokoa uhai wa kaka siku ile alikuwa muuguzi mmoja wa makamo. Hakutukaripia. Alivuta benchi, akamketisha mama, akamwambia: “Mama yangu, hebu nikueleze kama ningalivyomweleza mama aliyenizaa.” Kisha alieleza kwa robo saa. Alisema taya za kaka zimefunga na koo limekaza, kwa hiyo mpira uliopitishwa kinywani hauwezi kukaa majuma mengi bila kumdhuru. Tundu lile ni njia fupi ya kupitishia pumzi na kunyonyea makohozi, na mgonjwa akipona mpira hutolewa na kidonda hufunga. Hakuficha kwamba lenyewe nalo lina hatari. Taarifa ya Bugando ya mwaka 2011 juu ya wagonjwa 214 waliotobolewa koo yaonyesha kuwa takribani mmoja katika kila watano alipatwa na tatizo fulani lililotokana na kutobolewa huko.

Mama aliuliza swali moja tu: je, kama asingetobolewa? Muuguzi akajibu kwamba huenda tungekuwa tumekwisha kumzika. Gari liliambiwa liondoke.

Msaada wenye miba

Kuanzia siku ile tulijifunza jambo ambalo kila familia yafaa ilijue kabla haijafikwa. Katika wodi ya wagonjwa mahututi, karibu kila chombo kinachomwokoa mgonjwa humfungulia pia mlango wa hatari nyingine. Mpira wa pumzi hupita mahali ambapo mwili hujilinda kwa kukohoa. Vijidudu huweza kuufuata hadi mapafuni. Dawa za kulegeza misuli humfanya mgonjwa alale kama gogo, na mtu asiyejigeuza hutoboka vidonda vya kulalia makalioni na visiginoni. Damu iliyotulia miguuni huweza kuganda. Mpira wa mkojo huweza kuleta maambukizo.

Siku ya kumi na moja kaka alipata homa ya mapafu. Siku ya kumi na tisa kidonda cha kulalia kilionekana kiunoni. Ile homa ya mapafu hatukuambiwa kwa siku tatu. Tulichoona ni karatasi mpya za dawa, moja ghali kuliko nyingine, zikitolewa mlangoni. Shemeji aliuza cherehani yake. Baba mdogo alianza kunong'ona kwamba fedha zetu zinaliwa. Neno moja tu, kwamba mapafu yameshambuliwa na dawa ya kwanza haikufaa, lingaliondoa manung'uniko hayo yote.

Je, mgonjwa akipata homa ya mapafu wodini, ni uzembe? Yafaa ieleweke kwamba si lazima. Huwapata wagonjwa hata katika hospitali za nchi tajiri zenye kila chombo. Lakini si kweli pia kwamba hayazuiliki. Kunawa mikono kabla ya kumgusa kila mgonjwa, kuinua upande wa kichwani wa kitanda, kusafisha kinywa, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache: haya hayahitaji mashine ya mamilioni, na hupunguza madhara sana. Ndiyo sababu jamaa anayo haki ya kuuliza, na mtumishi wa hospitali hapaswi kuona swali hilo kuwa ni matusi.

Tena tusisahau kwamba uangalizi wa wagonjwa mahututi ulianza kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliupiga mji wa Copenhagen, Denmark. Wagonjwa waliokufa ganzi ya kifua walikuwa wengi na mashine zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono. Mamia ya wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana, kila mmoja kando ya kitanda akibinya mfuko, na vifo vikapungua sana. Wodi za namna hii duniani zilichipuka kutokana na kazi ile. Tundu lililomliza mama yetu lilikuwa mjukuu wa matundu yale ya Copenhagen.

Aliyoyaona mgonjwa

Yote niliyosimulia hadi hapa ni ya upande wa nje wa mlango. Ya ndani tuliyajua baadaye, na kwa uchungu.

Kaka alipoondolewa mashine, na siku chache baadaye mpira wa koo ukazibwa ili aweze kusema, tulitazamia maneno ya shukrani. Badala yake alikataa kumtazama mkewe. Chakula alichopelekewa na shemeji hakukigusa. Akiletewa kile kile na mtu mwingine, alikula. Shemeji, aliyelala juu ya mkeka majuma manne na kuuza cherehani yake, alirudi barazani akainama bila kusema neno.

Ilipita miezi miwili nyumbani ndipo kaka alipomweleza mama sababu. Alisema alijiona amefungwa kwa nyavu chini ya mtumbwi. Watu waliovaa nguo nyeupe walikuwa wakimzamisha majini mara kwa mara, maji yakimjaa kifuani, na mkewe alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mtumbwi akiwahesabia fedha. Alikuwa na hakika kabisa. Kwake haikuwa ndoto. Yalikuwa mambo yaliyotukia.

Madaktari wanaijua hali hiyo vyema. Mgonjwa mahututi, kwa sababu ya homa, dawa nzito, kukosa usingizi na kutojua usiku wala mchana, huweweseka. Akili yake huchukua vipande vya kweli na kuviunga vibaya. Nyavu za kaka zilikuwa mipira na kamba laini alizofungwa mikononi asijing'oe mpira wa koo. Kuzamishwa kulikuwa kule kunyonywa makohozi, ambako kwa kweli humkata mtu pumzi kwa nukta chache. Na mkewe alihesabu fedha kweli, kando ya kitanda, siku ile alipoombwa dawa kwa haraka.

Wengine hubaki na hofu hizo kwa miezi au miaka. Huamka usiku wakitokwa jasho, husahau mambo, misuli imedhoofu, hukasirika upesi, na jamaa husema mtu wetu amerudi si yeye. Tangu mwaka 2012 wataalamu wamekubaliana kuyapa mambo haya jina moja, yakiwa ni maradhi yanayofuata uangalizi wa mahututi, nao wanasema wazi kwamba huwapata jamaa wa mgonjwa pia. Mama hakuweza kusikia mlango ukibamizwa bila kushtuka kwa mwaka mzima.

Daftari la shemeji

Kilichowapatanisha kaka na mkewe kilikuwa daftari la shule la shilingi mia chache. Shemeji alilinunua siku ya pili ili aandike gharama. Lakini kwa kuwa kukaa barazani ni kurefu, alianza kuandika na mengine: leo amefumbua macho, leo hatukuruhusiwa kuingia, leo wamemtoboa koo na mama amelia, leo nimetoa fedha za dawa mbele yake nikadhani amenisikia, leo muuguzi amesema homa imepungua.

Mama ndiye aliyemshauri ampe mumewe alisome. Kaka alilisoma kwa siku tatu, polepole, akirudia kurasa. Alipofika kwenye siku ya fedha aliita jina la mkewe.

Katika nchi za Denmark, Sweden na Norway, wauguzi wa wodi nyingi za mahututi wamekuwa wakiandika daftari kama hilo kwa makusudi kwa miaka mingi, wakishirikiana na jamaa, na mgonjwa hukabidhiwa baada ya kupona ili aweze kuziba pengo la siku asizozikumbuka. Shemeji hakuwa amesikia habari za nchi hizo. Lakini jambo lenyewe laweza kufanywa na familia yo yote yenye kalamu.

Haki itendeke kwa wauguzi

Ingekuwa dhuluma kuwatupia watumishi wa hospitali lawama zote. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Ulionyesha kwamba mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba karibu saba katika kila kumi kati ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata huduma za msingi walizohitaji, kama vile hewa ya oksijeni au dripu. Mmoja katika kila watano alifariki ndani ya juma moja.

Muuguzi mwenye wagonjwa wengi kiasi hicho hana robo saa ya kumpa kila mama. Hata hivyo, robo saa aliyotupa yule muuguzi iliokoa kazi ya siku zilizotangulia. Kama asingaliitoa, dawa zote, mashine na mikesha ya wenzake vingalipotea barabarani.

Na si kila habari huwa njema. Kwenye mkeka wa jirani yetu alikuwapo mama mmoja kutoka visiwani, ambaye binti yake alikuwa ndani. Kila alipouliza aliambiwa “tunaendelea”. Asubuhi moja aliitwa na kuambiwa kwamba binti amefariki alfajiri. Hakulalamikia matibabu. Alilosikitikia ni kwamba, kama angaliambiwa jioni ile kuwa hali imekuwa mbaya, angaliomba aingie amshike binti yake mkono. Ukweli mchungu ulikuwa haki yake, kama ulivyokuwa matibabu haki ya binti yake.

Familia ifanye nini?

Kwanza, mchagueni mtu mmoja, mtulivu, awe ndiye anayesema na madaktari, na kila anachoambiwa akirudishe kwa wote siku ile ile, wanawake kwa wanaume. Habari isifungiwe mfukoni kwa kisingizio cha huruma.

Pili, kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote ulizeni mambo matatu: hiki ni cha nini, kina hatari gani, na tukikataa itakuwaje? Kama maneno ni magumu, ombeni yarudiwe kwa Kiswahili cha kawaida. Si aibu.

Tatu, kila siku ulizeni: kuna jambo jipya tangu jana? Ulizeni kama amegeuzwa, na kama ipo kazi ambayo jamaa anaweza kusaidia. Naweni mikono kabla ya kumgusa.

Nne, mkiruhusiwa kuingia mwambieni mgonjwa jina lenu, siku ya leo, na mahali alipo, hata kama amefumba macho, mradi wauguzi wameruhusu asemeshwe. Nyumbani wekeni daftari.

Tano, akirejea na maneno ya ajabu msimcheke wala msimwite mwendawazimu. Msikilizeni, kisha mrudisheni hospitali aonwe.

Kwa upande wa hospitali, yafaa pawe na saa maalumu kila siku ambapo daktari au muuguzi hutoka barazani na kusema na jamaa wa kila mgonjwa, hata kwa dakika tano.

La mwisho linahusu msumari wenyewe. Watoto wetu huchanjwa kinga ya pepopunda wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na akina mama huchanjwa wakati wa ujauzito. Mwanamume mtu mzima hana mahali pa namna hiyo panapomkumbusha, naye ndiye ashikaye nyundo, jembe na panga. Tena aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kwa kuugua kwake. Anaweza kuugua mara ya pili asipochanjwa.

Kaka yangu alichanjwa kabla ya kuondoka hospitali, akarudi kliniki kumaliza dozi zilizobaki. Ana kovu kooni na mguu mmoja huchoka mapema, lakini amerudi ufukoni kwenye mitumbwi yake. Kijana ye yote anayekwenda kwake kujifunza ufundi huulizwa kwanza kama amechanjwa. Asiyechanjwa hupelekwa zahanati siku ile ile, na anayempeleka ni shemeji.